Waya Moja Nje ya Ramani

Skuta, Nyeri
Jumatano, 3 Februari 1971

Kwa Mwalimu wangu, Fundi Yakubu, huko Majengo ya Nanyuki,

Kabla sijakuuliza hali, shika kiti vizuri, maana hii habari inaweza kuangusha mzee. Yule mwanafunzi wako uliyekuwa ukimwita kichwa cha kobe amepewa gari nzima. Si kubadilisha balbu, si kuchaji batri. Gari nzima, waya zote, kutoka taa za mbele mpaka za nyuma. Mwanasiti, wewe unayemsomea babu yako hii barua, soma polepole, na usiruke mahali ninapojisifu. Nakujua.

Gari yenyewe ni ya mwaka wa thelathini na saba, nyeusi, pua ndefu, milango inafunguka kama kabati la bwana harusi. Ilikuwa imelala ndani ya banda huko Kiganjo, kuku wakitaga kwenye kiti. Bwana Ngatia, yule wa duka la mbegu, ameinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo yake kwenda kwao. Anataka binti yake aende nayo kanisani baada ya Pasaka. Mafundi wa mjini wote waliikimbia. Ati waya ni za nguo, panya wamekula, ramani hakuna. Mimi nikasema leteni. Darasa la tano lilinishinda, lakini stima haijawahi kunishinda, na wewe ni shahidi.

Ramani nimeichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila. Na kwa sababu macho yako yamekataa kazi, nimechukua sindano ya mama nikatoboa kila mstari kutoka nyuma, ili vidole vyako visome huku mbele. Nundu kubwa upande wa kushoto ni batri. Naitoa volti sita naipeleka kumi na mbili. Naongeza fyuzi nne, zamani waliweka mbili tu. Pitia uniambie kama kuna kosa. Hutaliona, lakini pitia.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kwenye dashibodi, chini kabisa, mahali waliokaa mbele pekee wanaweza kuona, kuna taa ndogo nyekundu kama punje ya mahindi. Si ya chaji, si ya mafuta. Waya yake inaenda nyuma. Ya nini hiyo?

Mambo yangu mengine yamekwama. Wazee wa kina Wangechi wamekubali nimuoe, lakini wanauliza, "Mjomba wako yuko wapi?" Unajua sisi, bila ndugu wa mama kupewa mbuzi wake na kusema neno, hakuna ndoa, kuna watu wawili wanaishi tu. Na mama hataki kusikia jina la Wamae. Wewe uliishi Nyeri nyakati za Hali ya Hatari, unajua lile jambo la gunia: mtu anavalishwa gunia lenye matundu ya macho, kijiji kinapitishwa mbele yake, akimtaja mtu, huyo anapelekwa kizuizini. Mama anasema siku baba yangu alipochukuliwa, ndani ya gunia alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Gunia lilificha uso, halikuficha miguu, na Wamae alikatwa kidole kikubwa cha mguu na jembe tangu utotoni. Mjomba mwenyewe, huko Kangema aliko, anasema hakumtaja baba. Miaka kumi na saba hawaongei. Basi mimi nitaoa lini, nikiwa na ndevu nyeupe kama zako?

Nijibu upesi.

Mimi fundi (usicheke),
Kingori wa Mathenge


Majengo, Nanyuki
9 Februari 1971

Kingori mwanangu,

Salamu zako zimefika. Hali yangu ni njema, namshukuru Mungu.

Nimeipitia ramani. Waya ya honi umeiunga kwenye fyuzi moja na taa za mbele, itenganishe. Waya ya dinamo iwe nene zaidi ya hiyo. Na kila waya ipitapo kwenye tundu la bati, ivishe raba. Sitaki kusikia kwamba umesahau.

Waya za zamani usizifuatilie. Usipoteze siku zako kuchunguza ipi ilikwenda wapi. Zikate zote, uzitoe, uzichome moto. Vilevile hiyo taa. Anza upya, kana kwamba gari halijapata kuwa na waya.

Ni mimi, Yakubu bin Shee

Kingori, hapa ni mimi Mwanasiti. Babu amenifanya nisome mahali pa taa nyekundu mara tatu. Kisha akaomba chai, na chai ikapoa mbele yake. Hajawahi kuiacha chai yangu, hata ukisema nini juu ya sukari. Na huko kujisifu nilikuruka, kulikuwa kurefu.


Skuta
15 Februari 1971

Mwalimu,

Sasa nimejua wewe ni mtu wa wivu. Ni nani aliyenichapa kofi siku ya kwanza, mwaka wa sitini na tatu, kwa sababu nilitoa waya kabla ya kujua inaenda wapi? "Fundi hakati asichokijua." Si maneno yako hayo? Leo mwanafunzi amepata gari kubwa kuliko yote uliyowahi kushika, ndipo unasema kata, choma. Haya, nimekuelewa. Nimefanya ulivyonifundisha, si ulivyoniandikia.

Nimeifuata. Waya inatoka kwenye ile taa, inapita chini ya zulia, inaingia kwenye bati chini ya kiti cha dereva, inatokea nyuma, inapanda ndani ya mkono wa kiti cha abiria. Hapo kuna kitufe kidogo cheusi. Ukikaa nyuma, mkono wako unalala juu yake, na mtu wa nje haoni kitu. Ukibonyeza, taa inawaka mbele kwa dereva. Nikafikiri labda ni mama mzungu, hataki kuongea na dereva, anambonyezea asimame. Nikacheka.

Ikaacha kuchekesha juzi, saa nne asubuhi, jua limewaka. Nilikuwa nimeketi mbele, injini inanguruma, nasikiliza dinamo. Nyuma hakuna mtu. Taa ikawaka. Nikageuka. Kiti kitupu, kuna unyoya mmoja wa kuku. Taa ikazima. Nikasema, "Wewe nani?" kama mjinga. Ikawaka tena.

Wangechi anasema niite mchungaji. Nikamwambia majini ni ya watu wa Majengo, sisi tuna panya tu. Lakini mwalimu, hii gari haipendwi. Wazee wakipita mlangoni kwangu wanavuka barabara. Mama mmoja anayeuza viazi hapa mbele amehama na gunia zake bila kuaga. Na jana mama yangu aliniletea githeri kama kawaida. Alifika mpaka kwenye kizingiti, akaiona. Akaweka sufuria chini, hapo hapo kwenye vumbi, akarudi nyumbani akitembea kinyumenyume hatua kadhaa, kama mtu aliyekutana na chui. Tangu jana hajaniambia neno.

Kuna kitu unakijua. Nijibu kama mtu mzima mwenzako.

Kingori


Majengo, Nanyuki
20 Februari 1971

Kingori,

Iache kazi hiyo. Mrudishie Bwana Ngatia gari lake, umwambie limekushinda, hakuna aibu. Mimi nitakutumia mita yangu ya umeme na koleo zangu zote, ziwe zako kuanzia leo. Umezitamani siku nyingi.

Usimuulize mama yako kitu.

Yakubu

Kingori, babu amekitoa kisanduku cha vifaa mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kanzu yake. Hali chakula vizuri. Ile ramani yako anailaza mapajani, kidole chake kinatembea kutoka taa za mbele mpaka kiti cha dereva, kinasimama hapo. Wewe hukutoboa kitu mahali hapo. Nimeangalia. M.


Skuta
27 Februari 1971

Mzee Yakubu,

Vifaa vimefika. Sijafungua.

Nimemuuliza mama. Siku ya nne ndipo akasema, akiwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. Ni hii gari. Ilisimama kwenye uwanja wa kijiji, asubuhi ya baridi, injini haikuzimwa. Afisa mbele kushoto, dereva, na nyuma mtu wa gunia. Watu wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya boneti. Mama anasema jambo lililowatisha ni kwamba gunia halikutikisa kichwa hata mara moja. Siku nyingine gunia lilikuwa linaitikia, unaona. Siku hiyo lilikaa kimya kama jiwe, na afisa anaangalia chini tu, kisha anasema, "Huyu." Saba waliingia kwenye lori. Baba alikuwa wa nne. Ni mmoja tu aliyerudi, na si yeye. Mtu wa gunia aliposhuka kujisaidia, ndipo mama akaiona ile miguu.

Sasa nisikilize mimi. Nimeitoa ile waya yote, futi kwa futi, nimeilaza mezani. Imefungwa na uzi wa nta, na kila nafasi ya shubiri moja kuna fundo. Fundo la kuzunguka mara mbili na kurudi chini. Hapa Nyeri ni watu wawili tu waliowahi kufunga hivyo, wewe na mimi, na mwaka wa hamsini na nne mimi nilikuwa na miaka minne.

Kuna jambo lingine. Chini ya kiti cha dereva waya inapita kwenye tundu la bati, na tundu halina raba. Wewe! Wewe uliyenipiga miezi mizima kwa sababu ya raba! Bati limeisugua mpaka shaba inaonekana. Na unajua hiyo taa imeungwaje: moto wake unatoka kwenye batri unakuja mpaka kwenye taa, unasubiri tu kugusa bodi ya gari. Kitufe ndicho kinaigusisha bodi. Basi shaba ikigusa bati pale chini, ni sawasawa na mtu amebonyeza.

Nimejaribu. Nikairudisha waya mahali pake, nikaifungua kabisa kutoka kwenye kitufe, ncha yake nikaifunga utepe, asiwepo wa kubonyeza, mtu wala jini. Nikawasha injini nikaiacha itetemeke. Nikakaa na kuangalia, na saa ya Wangechi mkononi. Kwa dakika ishirini taa iliwaka mara kumi na moja.

Na pembeni ya tundu kuna utepe mkavu uliobanduka, wa zamani. Mtu aliwahi kukifunga hicho kidonda. Fundi hafungi utepe mahali asipojua pameumia.

Sina utani leo. Nina swali moja tu. Siku ile, mjomba wangu alibonyeza?

Kingori wa Mathenge


Majengo, Nanyuki
6 Machi 1971

Kingori,

Mwanasiti ameweka kalamu chini mara mbili. Nimemwambia aandike kila ninachosema. Asipoandika yeye sina mwingine.

Dereva alikuwa mimi.

Watu walikuwa wameanza kuwatambua wa magunia kwa jinsi wanavyoitikia kwa kichwa, na wengine walikatwa mapanga wiki hiyo hiyo. Afisa akataka njia isiyoonekana. Akaniuliza, fundi, unaweza? Nami nilikuwa kama wewe, mtu akiniuliza kama naweza, jibu liko mdomoni kabla ya swali kwisha. Nikaifanya kwa alasiri moja. Raba zilikuwa zimeniishia. Nikasema nitaitia kesho.

Kesho yake ndiyo siku ile. Batri ilikuwa dhaifu na baridi ilikuwa kali, nikahofia nikizima injini haitawaka tena. Nikaiacha iende polepole, na gari likawa linatetemeka.

Kijiji kilipita. Taa iliwaka mara mbili, na mara zote mbili niliuona mkono wa mtu wa gunia kwenye kioo, uko juu ya mkono wa kiti. Ikawaka ya tatu, sikuwa naangalia kioo. Kisha akaja baba yako. Alikuwa amekubeba begani na wewe umemshika sikio. Wakati huo yule wa nyuma alikuwa ameinua mikono miwili, ameshika shingo ya gunia kama mtu anayekosa pumzi. Mikono yote miwili, Kingori. Nimeiona kwenye kioo kama nilivyokuwa nikikuona wewe. Na taa ikawaka.

Afisa akasema, "Huyu." Wakakushusha begani wakampa mama yako.

Nilijua pale pale. Fundi anaijua sauti ya kazi yake mbovu. Ningesema neno moja, "Bwana, ni waya." Lakini kusema hivyo ni kusema nimemtengenezea afisa kitu kibovu, na siku zile aliyeharibu kwa makusudi na aliyesahau waliingia lori moja. Nikanyamaza, wakachukuliwa wengine watatu. Jioni nikafunga utepe.

Mjomba wako hakumbonyezea baba yako. Wamae amesema kweli miaka yote hii, na aliyeweza kumshuhudia alikuwa anakunywa chai Nanyuki.

Ulikuja karakana kwangu na miaka kumi na tatu, ukajisifu kwamba nilikuona una mikono ya ufundi. Sikuona mikono. Nilisikia jina la baba yako. Ungekuwa huna hata vidole ningekuchukua.

Yakubu

Ameniambia nitie hii raba ndani ya bahasha. Anasema ndiyo aliyosema ataitia kesho, amekaa nayo tangu juma lile. M.


Skuta
18 Aprili 1971

Mzee Yakubu,

Mwanasiti, soma polepole. Hapa usiruke kitu.

Nimekaa na barua yako wiki sita kwa sababu sikujua nikuandikie kama nani. Nilikuwa nikiamka asubuhi naangalia mikono yangu. Nilifikiri ulinichagua. Nimewaambia watu wote wa Nyeri kwamba ulinichagua.

Nilimsomea mama barua yako. Akaniambia niirudie pale pa mikono miwili. Nikairudia. Akasema, "Nipeleke Kangema."

Tulimkuta mjomba Wamae kwenye shamba la majani chai, ana kikapu mgongoni. Amezeeka kuliko wewe, na yeye ni mdogo wa mama. Wakaangaliana. Mama hakuamkia.

"Vua gambuti."

"Watiri, hata salamu?"

"Vua."

Akakaa kwenye tope akavua. Mama akaangalia ule mguu muda mrefu.

"Ni wewe."

"Sijawahi kusema si mimi," mjomba akajibu. "Nilisema sikumtaja Mathenge."

Nikatoa ile waya mfukoni, nikamwonyesha shaba, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Nilitegemea atafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha yake, hata nimevaa shati jipya. Mzee, uso wake ulikufa. Akasema, "Nilibonyeza mara mbili. Walichukuliwa saba. Miaka kumi na saba nimejiambia labda woga ulikisukuma kidole changu kwa hao watano nisijue. Nilikuwa nakikata kwa kisu, muulize mke wangu. Sasa wamebaki wawili, na hao si waya, ni mimi." Akatuonyesha mkono. Kidole cha shahada kina makovu kama mti wa kugemwa.

Mama akauliza, "Hao wawili ni nani?"

Akawataja. Mmoja hatumjui. Wa pili ni Gicheru, ambaye mjane wake tunachota naye maji mfereji mmoja. Mama akatoka akaenda kusimama katikati ya majani chai, ametupa mgongo. Aliporudi akamwambia, "Siku ya kijana utakuja, utakula mbuzi wako. Lakini kwanza utaenda kwa Gicheru, umwambie mkewe kwa mdomo wako mwenyewe. Bila gunia."

Mjomba amekwenda Jumanne. Mimi ndiye nilimsindikiza mpaka kwenye ua. Aliingia asubuhi, akatoka saa kumi. Sijui walisema nini. Alitoka bila kofia yake na hakurudi kuichukua. Harusi yangu ni Agosti.

Sasa wewe. Sijakusamehe, na mama hataki nitaje jina lako nyumbani, kama zamani alivyokataa la Wamae. Nimetazama hilo nikaona mzigo umehama nyumba tu. Vifaa vyako nimefungua, kwa sababu kazi ilikuwa inangoja. Mita yako inasoma chini kidogo, ulijua?

Gari ya Bwana Ngatia imekwisha. Jana imepeleka bibi harusi na mimi ndiye niliyeendesha, na suti ya kuazima, watu wakipiga makofi barabara nzima isipokuwa wazee. Waya zote mpya, fyuzi nne, kila tundu lina raba. Hata lile la chini ya kiti nimelivisha ile uliyotuma. Hakuna waya inayopita hapo tena, lakini nimelivisha.

Ile taa nimeitoa, na tundu lake kwenye dashibodi nimeliziba na kifuniko cheusi, nimekipaka rangi mpaka huwezi kukitambua. Bwana Ngatia hakitambui. Jana njiani aliniuliza, "Kijana, mbona unaangalia chini badala ya barabara?"

Nikamwambia nasikiliza dinamo.

Ramani mpya iko ndani ya bahasha. Nimeitoboa yote na sindano, na safari hii nimetoboa hata ile waya ya taa, kutoka dashibodi mpaka kiti cha nyuma, ili usitafute mahali pasipo kitu. Ipitie. Waya ya honi nimeitenganisha kama ulivyosema. Niambie kama kuna kosa.

Kingori